Uigizaji Uliopwaya au Mswada Uliopwaya? Joseph Olita na Forest Whitaker katika Nafasi ya Idi Amin

Wapenzi wa filamu wanapowajadili waigizaji waliowahi kumwigiza Idi Amin, hukumu yao aghalabu huwa fupi: Forest Whitaker aliigiza, Joseph Olita aliiga. Whitaker alituzwa Oscar mwaka 2007 kwa nafasi yake katika The Last King of Scotland (2006). Olita, Mkenya aliyeibeba nafasi hiyo katika Rise and Fall of Idi Amin (1981), husifiwa kwa umbo lililoshabihiana na la Amin, kisha filamu yenyewe ikawekwa kando. Makala haya yanadai kwamba hukumu hiyo ina kasoro: inamtwika mwigizaji mzigo ambao, kwa sehemu kubwa, ni wa mswada.

Filamu ya 1981, iliyoongozwa na Sharad Patel, ilitolewa miaka miwili tu baada ya Amin kung'olewa madarakani mwezi Aprili 1979. Muundo wake ni wa mashtaka. Mapinduzi ya 1971, kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, mauaji, uvamizi wa Entebbe mwaka 1976 na hatimaye anguko, vyote vinapangwa kama vielelezo mbele ya mahakama. Hata Denis Hills, Mwingereza aliyefundisha Makerere na kuhukumiwa kifo na utawala huo mwaka 1975, anajiigiza mwenyewe humo. Katika muundo wa aina hii mshtakiwa hahitaji kuwa na nafsi. Anahitaji kutambuliwa tu. Olita anacheka, anafoka na kuamrisha, lakini hana mtu wa kumbembeleza wala wa kumficha jambo. Ni mhusika bapa kwa kuwa aliandikwa bapa.

Whitaker, kwa upande wake, alipewa Nicholas Garrigan, daktari wa kubuni kutoka Uskoti anayetokana na riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Tangu wanapokutana barabarani, Amin akiwa amejeruhiwa mkono, kila ishara ya Whitaker ina wa kuipokea. Mathalani, Amin anamlaumu Garrigan kwa kutomshauri kuhusu Waasia. Anapokumbushwa kwamba alishauriwa, anajibu kwamba hakushawishiwa. Katika jibu hilo mna utoto, werevu na tishio kwa pamoja. Whitaker analitamka kwa ustadi mkubwa, lakini kwanza aliandikiwa.

Yamkini msomaji atauliza: je, mwigizaji hodari hawezi kuupita mswada wake? Anaweza, kwa kiasi. Nasi tunakiri kwamba zipo nyakati ambapo Olita anapaza sauti pale ambapo kimya kingetisha zaidi. Vilevile filamu yenyewe inauchukua uvumi kama ushahidi, hasa inapomwonyesha Amin akila nyama ya mtu. Hapo hakuna mwigizaji ambaye angeokoa jambo. Hata Mira Nair alipomrejesha Olita katika nafasi hiyo kwenye Mississippi Masala (1991), alimpa nafasi fupi, ya kutambuliwa tena. Kwa hivyo hatujui Olita angefanya nini laiti angepewa mtu wa kuzungumza naye.

Suala hili linapita sifa za waigizaji wawili. Uduara wa Amin wa 2006 una gharama yake: tunaufikia kupitia macho ya mgeni ambaye hakuwahi kuishi, na hofu inayotushika zaidi ni hofu ya mgeni huyo. Waganda wengi waliouawa wanabaki nyuma ya mandhari. Filamu ya 1981, pamoja na udhaifu wake wote, haimfanyi mtu mmoja kuwa dirisha la pekee. Hills yumo kama shahidi mmoja tu miongoni mwa wengine. Anayeitupa filamu hiyo kwa sababu ya uigizaji "uliopwaya" anaitupa pia namna hiyo ya kusimulia, bila kuipima.

Tunapendekeza basi kwamba mhakiki, kabla ya kumhukumu mwigizaji, aulize mswada ulimpa nani wa kusema naye, na kwa shabaha gani. Kwa kigezo hicho Whitaker hapunguziwi chochote. Olita naye anastahili kutazamwa upya, na wanafunzi wetu wa drama na filamu wangefaidika kwa kuanzia hapo.