Kosa la Lugha au Hitilafu ya Lugha? Vipimo vya Watoto wa Rumonge

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuhesabu makosa. Darasani zana hiyo inafaa. Inapotumiwa kuamua kwamba mtoto ana hitilafu ya lugha, inadhulumu. Tuangalie Rumonge, mji wa wavuvi na mawese ulio kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi.

Mtoto wa huko hukua kati ya Kirundi na Kiswahili, kisha shuleni huanza kufundishwa kwa Kirundi na baadaye kwa Kifaransa. Kuanzia mwaka 2008 walirejea pia kutoka Tanzania wakimbizi wengi wa 1972, na watoto wao waliosomea Kiswahili wakajikuta katika madarasa hayo hayo.

Mwoneshe mtoto wa Rumonge picha ya dagaa, atasema ndagala. Mwambie aseme lala, huenda akasema rara, kwani Kirundi hakipambanui l na r. Kitoto anaweza kukiita katoto, wingi tutoto, kwa kufuata ngeli za Kirundi. Kwa kipimo kilichojengwa juu ya Kiunguja amekwisha kukosa mara tatu, na hakuna hata moja kati ya hayo iliyo dalili ya hitilafu.

Kutafsiri kipimo cha Kiingereza nako hakusaidii. Baadhi ya vipimo humtaka mtoto arudie maneno ya kubuni. Yakiwa na konsonanti zilizorundikana mwishoni, yanapima mazoea ya Kiingereza tu, maana silabi za Kirundi na Kiswahili huishia kwa irabu. Tunaona kazi ya Kilifi, Kenya, iliyochapishwa 2015, ni bora zaidi: Katherine Alcock na wenzake walitayarisha orodha za msamiati kwa Kiswahili na Kigiriama, na wazazi wasiojua kusoma wakahojiwa kwa mdomo. Lakini Kigiriama si Kirundi, na orodha zile ni za watoto walio chini ya miaka mitatu.

Aidha, mwalimu anayesema "anachanganya lugha tu, atazoea" naye anadhuru. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa 2016 ulikuta watoto takriban 7 katika kila 100 wanaoanza shule wana hitilafu ya lugha isiyo na chanzo kinachojulikana. Hatuoni kwa nini ufukwe huu uwe umeepushwa.

Hitilafu halisi hujitokeza katika lugha zote mbili. Kwa hiyo aulizwe mama: je, huyu alichelewa kusema kuliko ndugu zake? Akisimuliwa hadithi kwa Kirundi, huifuata? Kisha afundishwe maneno machache mapya, aangaliwe anavyoyashika, na alinganishwe na wenzake wa mtaa ule ule, si na watoto wa Unguja.