Sentimita kumi za ileamu

Nianze na hukumu, maana subira nayo sina: kuunga sentimita 35 za jejuni, sehemu ya kati ya utumbo mwembamba, na sentimita 10 za mwisho za ileamu, sehemu yake ya mwisho, kisha kuacha zaidi ya mita 5 za utumbo mwembamba zimekaa tumboni bila kazi, lilikuwa kosa la wazi. Payne na DeWind wa Los Angeles waliipeleka mbinu hiyo kwa wenzao mwaka 1969 kama dawa ya unene uliokithiri, na wapasuaji wakaifuata.

Mishono ilikuwa safi. Hilo nawapa.

Nisilowasamehe ni zile kumi. Sukari na protini humalizwa zaidi huko juu, kwenye mikunjo minene na vijidole virefu vya jejuni, na juu walibakiza kipande cha maana. Lakini vitamini B12 na chumvi za nyongo hupokelewa mwishoni mwa ileamu, na mapokezi hayo yanataka urefu. Booth na Mollin walishalionyesha la B12 tangu 1959! Ileamu imedharauliwa siku zote, hata chati za darasani huichora kama mkia. (Na wale wanaosema utumbo ukitandazwa unaenea “uwanja wa tenisi” watulie: Wasweden walipima upya mwaka 2014, eneo la utumbo mwembamba likatoka takriban mita 30 za mraba.)

Nyongo isiporudishwa kwenye ini humwagikia utumbo mpana, na mgonjwa anaharisha asubuhi hadi usiku. Mafuta yaliyokosa nyongo hushikana na kalsiamu. Oksaleti, ambayo ndiyo ingeshikana nayo, inabaki huru, inaingia kwenye damu na kuishia kuwa mawe ya figo.

Halafu kile kipande kilichozibwa juu. Chakula hakipiti, nyongo haipiti, bakteria wanajizalia watakavyo. Viungo vikauma, maini yakajaa mafuta, na wapo waliokufa ini liliposhindwa. Mpasuaji César Roux wa Lausanne, karne ya 19 hiyo, alipounga utumbo kwa umbo la Y hakuacha tawi lisilopitisha kitu.

Mpasuaji Scopinaro, Italia, 1979, alirudi kwenye busara ileile: kipande kirefu kikapitisha nyongo. Wakati huo wagonjwa wengi wa mbinu ya Los Angeles walikuwa wakirudishwa mezani kuungwa utumbo upya. Kuharisha kukakoma, kilo zikarudi.