Kamba Uliyoikuta Mlimani

Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, walisema wahenga. Lakini waliijua kamba ya makumbi, ambayo nyuzi zake zote ziko nje, zikikatika unaziona. Kamba ya nailoni ya wapanda milima ina ganda lililosukwa na kiini kilichofichwa ndani, na kiini ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya uzito. Yaweza kukuonyesha uso mzuri huku imeoza moyoni.

Anayepanda Nelion (mita 5,188) au Batian (mita 5,199) katika Mlima Kenya hukuta kamba na mikanda iliyoachwa na waliotangulia kwenye vituo vya kushukia. Aitundike roho yake hapo, au asiitundike? Mjuzi hujibu kwa utaratibu.

Anza na mwamba. Kabla ya kuigusa kamba, fuata njia yake kwa macho: inapinda wapi, inagusa ukingo gani? Kamba iliyofungwa na kuachwa haipumziki. Upepo huiyumbisha mchana na usiku, na kila apandaye huivuta ikanyooka, kisha ikarudi. Ukingo hugeuka msumeno. Machi 1966, kwenye uso wa kaskazini wa Eiger, Uswisi, kamba ya milimita 7 iliyokuwa imetumiwa kupanda na kushuka mara nyingi ilikatika, na mpanda milima John Harlin akaanguka zaidi ya mita 1,000. Mita 50 za kamba nzima haziponyi sentimita 2 zilizolika.

Soma rangi ndani ya fundo. Jua huila nailoni, na mionzi yake mikali huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Legeza fundo kidogo, utazame sehemu iliyojificha. Ikiwa ndani ni nyekundu na nje ni waridi iliyofifia, umeshapata umri wa kamba bila kuuliza mtu. Kamba nyembamba na mikanda huumia zaidi, kwa kuwa jua linaanza kula nje nazo hazina unene wa kujikinga. Mikanda kumi iliyopauka kwenye msumari mmoja isikutie moyo: yote imeanikwa juani pamoja.

Kisha mkono. Vua glavu. Pitisha kamba kati ya kidole gumba na cha shahada, shubiri kwa shubiri, ukiikunja kitanzi kidogo kila hatua. Kamba nzima hutoa kitanzi cha duara. Ikijikunja bapa kama bomba lililobonyea, kiini kimeumia. Pengine utakuta uvimbe, au sehemu ngumu inayong'aa: hapo nailoni iliyeyuka kwa joto la msuguano. Manyoya mepesi juu ya ganda si hukumu ya kifo. Kamba yoyote inayofanya kazi huota manyoya. Kiini cheupe kikichungulia, mazungumzo yamekwisha.

Maji na barafu. Nailoni ikilowa hupungua nguvu. Ikikauka hurudisha sehemu kubwa, ila mchanga ulioingia na maji hubaki ndani ukisaga nyuzi. Usiku wa Mlima Kenya huigandisha kamba iliyolowa ikawa ngumu kama fito. Barafu hiyo hujaza meno ya jumari, kifaa cha kupandia kamba, nacho huteleza badala ya kuuma. Kamba iliyozikwa barafuni, hata kipande tu, haikaguliki. Na isiyokaguliwa haitumiki.

Mwisho, nanga, yaani pale kamba inapofungwa kwenye mwamba. Fundo peke yake laweza kuipunguzia kamba hata theluthi ya nguvu zake. Angalia pia chuma: kutu, kulegea, ufa kwenye jiwe linalokishika.

Ukiwa na shaka, usiipime kamba kwa kuivuta mara mbili tatu. Mkono wako hauwezi kuivuta kama uzito wa mtu anayeanguka, kwa hiyo kutokatika kwake hakujathibitisha lolote. Panda na kisu, pamoja na mita kadhaa za kamba yako mwenyewe ambayo mwaka wake wa kutengenezwa unaujua. Funga yako, kata ile kuukuu, ushuke nayo ndani ya begi. Ukiiacha ikining'inia kando ya mpya, atakayefika jioni, amechoka na mvua inamnyeshea, huenda akaishika hiyo kwanza.