Hofu ya Kukosea katika Utunzi wa Mashairi ya Kiswahili

Mchagua nazi hupata koroma. Methali hii aghalabu huambiwa mtu anayetafuta mchumba, lakini kwa muda sasa nimeona kuwa yawahusu pia vijana wanaojifunza kutunga. Katika kufundisha ushairi nimepokea madaftari mengi yenye ubeti mmoja tu, tena ubeti uliofutwa na kuandikwa upya mara sita au saba, kisha ukaachwa. Nikimwuliza mwenye daftari kisa chake, jibu huwa lile lile: shairi bado halijakamilika. Huu si uvivu, maana mvivu hafuti mara saba. Ni tamaa ya ukamilifu. Na tamaa hiyo, ikichunguzwa vizuri, ni hofu ya kukosea mbele ya watu.

Makala haya yanakusudia kuuliza hofu hiyo yatoka wapi katika mazingira yetu hasa. Wako wanaoieleza kwa malezi na tabia ya mtu binafsi, nami siwapingi. Lakini mtunzi wa Kiswahili ana wakaguzi wawili waliomtangulia, ambao amri zao hazipatani.

Mkaguzi wa kwanza ni usanifu wa lugha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya shule, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikapewa kazi ya kusawazisha tahajia na kupitisha vitabu. Faida za kazi hiyo hazikanushiki. Hata hivyo ilizaa dhana kwamba kuna Kiswahili kimoja safi kilichohifadhiwa mahali fulani, na kwamba sisi wengine hukitazama kwa mbali. Mtoto wa Mvita au wa Amu, aliyelala na kuamka na lugha hii, hujikuta akisahihishwa katika maneno ya mama yake. Naye mtoto wa bara, aliyeipata kwa kitabu, huamini kwamba kila neno alitumialo ni la kuazima, na kwamba iko siku mwenyewe atakuja kulidai.

Mkaguzi wa pili ni arudhi. Sheikh K. Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, alifanya kazi kubwa ya kuyatia katika maandishi mambo ambayo mafundi waliyajua kwa masikio. Lakini neno sheria ni zito. Mikononi mwetu sisi walimu desturi ya mafundi iligeuka kuwa kipimo cha hukumu: mishororo 4, mizani 16, 8 kwa 8, vina vya kati na vya mwisho, na asiyetimiza hana shairi.

Wakaguzi hawa wawili wangekuwa na amri moja, mambo yangekuwa mepesi. Mizani zikizidi, arudhi humruhusu mtunzi kulikata neno, nimekuja likawa mekuja. Zikipungua, humruhusu kulirefusha, enda likawa enenda. Inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi, maneno ya kikale: yote haya ni ruhusa zilizomo ndani ya mapokeo yenyewe. Maana yake ni kwamba wazee walijua fika kuwa ukamilifu wa kila upande hauwezekani, wakaacha mlango wa kutokea. Leo mwanafunzi akiutumia mlango huo, humkuta usanifu amesimama nje na kalamu nyekundu. Kalamu hiyo nimeishika mimi mwenyewe. Nimepata kukata alama kwa mizani katika mshororo mmoja, na katika mshororo uliofuata nikakata tena kwa neno lililofupishwa ili mizani zitimie. Sidhani niko peke yangu.

Wapo walioona kwamba dawa ni kuiacha arudhi. Kichomi cha E. Kezilahabi (1974) kilizua ubishi mkali, na miaka kumi baadaye J. Mayoka alikuwa bado anauandikia katika Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka (1984). Sina nia ya kuufufua. Natosheka kusema kwamba shairi huru limempa mtunzi nafasi pana, lakini hofu halikumwondolea. Mwanafunzi wangu wa shairi huru hahesabu mizani. Hujiuliza kama taswira zake ni nzito vya kutosha, na hufuta vile vile.

Kielelezo kinachonifikirisha zaidi ni Abdilatif Abdalla. Alifungwa tangu mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi?, naye akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) aliyatunga kifungoni, akiyaandika kwa siri juu ya karatasi za choo. Hiyo si hali ya mtu kuandika ubeti mara saba. Tungetazamia basi mashairi yaliyolegea, yenye kusamehewa kwa ajili ya dhiki ya mwenyewe. Sivyo tunavyoyakuta. Vina vimekaza, bahari zimefuatwa, na lugha ni Kimvita kisichoomba radhi kwa mtu. (Mwaka 1974 kitabu kilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Historia ina mzaha wake.)

Kwa hiyo si kweli kwamba sheria ndizo zinazomkausha mtunzi. Abdilatif alikulia kati ya watunzi. Ahmad Nassir wa Malenga wa Mvita (1971) ni nduguye. Arudhi ilimwingia kwa sikio kabla ya jicho, na mtu wa namna hiyo hazihesabu mizani, kama vile asemaye hahesabu ngeli. Mwanafunzi wetu tumempa hesabu kabla ya sauti.

Kuna na jambo la pili, ambalo Muyaka wa Mvita (1776–1840) alikuwa nalo na madaftari yetu hayana: mtu anayengojea jibu. Mengi ya mashairi yake yalizaliwa na mambo ya mji, vita vya maneno na vya silaha kati ya Mombasa na Sayyid Said. Hapakuwa na wakati wa kuliweka shairi mwezi mzima likitafutiwa kina. Yalikaa vifuani mwa watu hata Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor wakayakusanya, na diwani ikachapishwa na W. Hichens mwaka 1940, miaka 100 baada ya kufa kwake.

Katika darasa langu sasa tunaanza na kujibizana. Ubeti husemwa kwa sauti kabla ya kuandikwa, kila mtu katika lugha ya kwao. Mwenziwe humjibu kipindi kifuatacho, hata kama jibu lina kilema. Kusahihisha kuna siku yake, baada ya majuma mawili, na siku hiyo sina huruma. Wengi wamepata kumaliza shairi zima kwa mara ya kwanza. Mashairi mengine ni mabaya, nami nimewaambia wenyewe, nao wamekwenda kuyatengeneza, kazi ambayo ubeti mmoja uliofutwa haukuwapa nafasi ya kuifanya. Lililobaki ni mtihani wa mwisho wa mwaka, ambapo mtunzi hukaa peke yake, hana wa kumjibu, na mwongozo wangu wa kusahihisha ungali na safu moja ya mizani na safu nyingine ya sarufi. Safu hizo bado sijajua nizifanyeje.