Shane MacGowan: jinsi panki ilivyoingizwa katika nyimbo za kale za Ireland

Shane MacGowan alizaliwa siku ya Krismasi, mwaka 1957, huko Pembury katika mkoa wa Kent, Uingereza, na wazazi waliotoka Ireland. Utoto wake wa mwanzo aliupitisha Tipperary, Ireland, katika nyumba ya shamba ya ukoo wa mama yake, ambako majirani waliingia jioni kuimba, kupiga kodiani na kucheza mpaka usiku wa manane. Alikuwa na miaka sita hivi alipohamia Uingereza kukaa. Alikuwa kijana wa kusoma sana. Mwaka 1971 kipaji chake cha uandishi kilimpatia ufadhili katika shule ya Westminster, London, lakini mwaka wa pili akafukuzwa kwa sababu ya dawa za kulevya.

Muziki wa panki ulimkuta London akiwa na miaka 18. Oktoba 1976, katika onyesho la bendi ya The Clash, alipigwa picha damu ikimchuruzika sikioni, na gazeti la muziki la NME likaitoa kwa kichwa cha habari cha ulaji wa watu. Sikio lilibaki mahali pake, ila sura yake ilishajulikana. Mwaka uliofuata akaanzisha bendi pamoja na mpiga besi Shanne Bradley, bendi ambayo baadaye iliitwa The Nips. Haikufika mbali. Hata hivyo MacGowan alitoka humo na mafunzo yote ya panki: wimbo uwe mfupi, mapigo yaende mbio, mwimbaji asisafishe sauti yake, na mtu asingoje ubingwa ndipo apande jukwaani.

Hatua iliyomtenga na wenzake ilikuja mwaka 1982, katika mtaa wa King's Cross, ilipoundwa bendi ya Pogue Mahone. Jina hilo limetoholewa kutoka Kiairishi, nalo ni tusi la kumwambia mtu akubusu makalio. Redio ya BBC ilipong'amua maana yake, likafupishwa kuwa The Pogues. MacGowan na wenzake waliibakiza kasi ya panki, kisha wakaiondoa ala iliyodhaniwa kuwa ndiyo panki yenyewe, yaani gitaa la umeme lenye mngurumo. Mahali pake wakaweka ala za baa za Ireland. Jem Finer alishika banjo, Spider Stacy filimbi ya bati, na James Fearnley, aliyekuwa mpiga gitaa wa The Nips, akafungiwa kodiani kifuani. Cait O'Riordan alipiga besi. Andrew Ranken alipiga ngoma akiwa amesimama, na ngoma zake zilikuwa chache mno. Kuna nyimbo ambazo Stacy alijigonga kichwani kwa sinia la bia, na mlio wa bati lile ukawa sehemu ya mdundo.

Ndoa hii ya panki na muziki wa Ireland iliwezekana kwa sababu ya mapigo. Polka ya Kiairishi huenda kwa mapigo mawili, zito na jepesi, zito na jepesi, na mpiga ngoma wa panki hufanya karibu jambo hilohilo, ila kwa nguvu zaidi. Jigi, mtindo mwingine wa dansi ya Kiairishi, nayo hujipanga katika sita kwa nane, mwendo wa kubembea ambao sikio lililozoea ngoma za pwani ya Afrika Mashariki haliuoni mgeni. MacGowan hakuhitaji kulazimisha kitu: aliongeza mwendo, akaacha banjo ijaze nafasi ambayo gitaa lingeijaza, kisha akaimba juu yake kama mtu anayebishana barabarani.

Maneno yalifuata njia hiyohiyo. Umbo lilikuwa la kale: beti fupi, vina vya wazi, kisa chenye mwanzo na mwisho. Ndani yake mlikuwa na London ya siku zake, yenye vibarua wa Kiairishi, walevi, polisi na vijana wasio na pa kulala. "The Old Main Drag", katika albamu ya pili ya mwaka 1985, unasimulia kijana anayefika jijini na kuishia kuuza mwili wake, nao unasimuliwa kwa utulivu wa wimbo wa miaka mia iliyopita. Mtayarishaji wa albamu hiyo, Elvis Costello, alifanya jambo la busara kuliko yote: hakuwasafisha. Mikwaruzo ya sauti na pumzi za kodiani zimebaki zinasikika.

Kilele cha ufundi huo ni "Fairytale of New York", wimbo uliochukua takriban miaka miwili. Kazi ilianza 1985. Finer alikuwa na kisa cha baharia aliye mbali na kwao. Mkewe, msanii Marcia Farquhar, hakuridhika nacho, akapendekeza mume na mke wanaogombana wakati wa Krismasi. MacGowan akakichukua kisa, akakipeleka New York, jiji ambalo alikuwa hajalitia machoni, na jina likatoka katika riwaya ya J.P. Donleavy ya mwaka 1973. Jaribio la kwanza la kuurekodi, O'Riordan akiimba sehemu ya mwanamke, halikufaulu. O'Riordan akaondoka kwenye bendi mwaka 1986, na MacGowan akaendelea kuandika, kufuta na kuandika upya.

Fundo gumu lilikuwa mwendo. Wimbo huanza taratibu, piano ya Fearnley na sauti ya mwanamume aliyelala korokoroni mkesha wa Krismasi. Kisha bendi nzima huingia kwa sita kwa nane. Kila walipojaribu kuvuka kutoka mwendo mmoja hadi mwingine kwa mkupuo, walikwama. Mwaka 1987, katika studio za RAK, London, mtayarishaji Steve Lillywhite aliamua sehemu hizo mbili zirekodiwe mbalimbali, kisha akaziunga. Anayesikiliza leo husikia pumzi moja tu, halafu mlango unafunguka.

Fundo la pili lilikuwa mwanamke wa kujibu. Lillywhite alichukua mkanda akaenda nao nyumbani, ambako mkewe, mwimbaji Kirsty MacColl, aliingiza sauti kama kielelezo tu cha kuwaongoza wengine. Bendi iliposikia, ikaacha kutafuta mtu mwingine. MacGowan naye akarudia sehemu zake upya ili zilingane na za MacColl. Kwa hiyo ugomvi ule, unaosikika kama wa watu walio uso kwa uso, uliimbwa na wawili wasiokuwa pamoja studioni.

Aliyezoea mashairi ya kujibizana atautambua mjengo wake mara moja. Wapenzi wanasifiana, kisha wanatukanana, na matusi yamewekwa juu ya lahani ileile iliyobeba sifa. Muziki haugeuki kuwa wa huzuni. Waliogeuka ni watu. Kibwagizo kinarudi bila kubadilika, kila mara kikiwa kizito zaidi kwa sababu ya yaliyosemwa kabla yake. Katika ubeti wa mwisho mwanamke analalamika kuwa ndoto zake ziliporwa, na jibu la mwanamume ni la upole kuliko chochote kilichotangulia. Krismasi ya 1987 wimbo ulishika nafasi ya kwanza Ireland na ya pili Uingereza, ukizuiwa na kundi la Pet Shop Boys.

Pombe na dawa za kulevya zilimla MacGowan kuanzia hapo, na ni makosa kuzifanya chimbuko la ufundi wake: miaka miwili ya kufuta na kuandika ni kazi ya mtu makini. Mwaka 1991 wenzake walimwondoa kwenye bendi wakiwa ziarani Japani. Alirekodi albamu mbili na bendi ya The Popes, mwaka 1994 na 1997, akarudi jukwaani na The Pogues kuanzia 2001 hadi 2014. Mwaka 2015 alianguka akavunjika nyonga, na tangu hapo akawa mtu wa kiti cha magurudumu.

Alifariki Dublin tarehe 30 Novemba 2023, akiwa na miaka 65. Mazishi yalifanyika Nenagh, Tipperary, siku nane baadaye. Waimbaji Glen Hansard na Lisa O'Neill waliimba "Fairytale of New York" mbele ya altare pamoja na watu wa The Pogues, na sita kwa nane ilipoingia, ndugu zake wakainuka wakacheza kanisani.