Kisima, Mtemi na Sheria: Kuisoma Kifo Kisimani kutoka Kaikor

Tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani (2001), imezoeleka kusomwa kama jazanda ya utawala katika jamhuri za Afrika baada ya uhuru. Butangi ni nchi. Kisima ni mali ya umma. Mtemi Bokono ni rais aliyejimilikisha vyote viwili. Naye Mwelusi ni mtetezi wa haki anayelipa kwa uhai wake. Usomaji huu hatuupingi. Swali letu ni jingine: je, kwa mujibu wa jazanda hii, dhuluma hukaa wapi katika mfumo wa utawala? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuisoma tamthilia kutoka Kaikor, kaskazini mwa Turkana, ambako kisima si jazanda kabla ya kuwa kisima.

Nguvu ya kazi hii imo katika uteuzi wa kisima chenyewe. Mwandishi hakuchagua kasri wala bunge, bali mahali ambapo kila mtu hana budi kufika. Mtawala anayeshika maji hahitaji kumshawishi mtu. Kiu humfanyia kazi hiyo. Jambo hili mfugaji wa Kaikor hahitaji kufafanuliwa na mhakiki. Wakati wa kiangazi visima huchimbwa katika mchanga wa laga, na kadiri ukame unavyozidi ndivyo vinavyozidi kwenda chini. Kisima kina wenyewe, yaani waliokitolea jasho, na mgeni huomba ruhusa. Mvua ikinyesha, mafuriko hukifukia. Kiangazi kijacho huchimbwa upya, na ruhusa huombwa upya.

Hapa ndipo tofauti na Butangi inapoanza. 'Mtemi' ni cheo cha Wanyamwezi na Wasukuma. Waturkana hawakuwa na mtemi. Mambo yao yalijadiliwa na wanaume chini ya mti, ambapo umri, mifugo na ufasaha vilikuwa na uzito. Neno la mwaguzi liliheshimiwa, lakini halikuwa amri ya mfalme. Chifu aliletwa na Waingereza, pamoja na karatasi zake. Kwa hiyo, dhuluma ambayo eneo hili liliijua haikuwa na sura moja kama ya Bokono. Ilikuwa imeandikwa. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902 na Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934 zilimpa mkoloni uwezo wa kuzifunga wilaya za kaskazini na kudhibiti nyendo za watu. Zilifutwa mwaka 1997, yaani miaka 34 baada ya uhuru.

Historia inatupa kejeli ambayo mtunzi yeyote angeionea wivu. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, katika Turkana hiyohiyo ya kaskazini, hadi 1959, kisha akazuiliwa Lodwar hadi 1961. Aliijua nchi hii kwa macho ya mfungwa. Hata hivyo, alipokuwa rais wa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, katiba ya majimbo ilikuwa imekwisha kubomolewa. Seneti nayo ikaondolewa 1966, huku wakuu wa mikoa na wilaya wakibaki kuwajibika kwa Ikulu. Mfungwa alitoka; sheria iliyoifanya Turkana kuwa mahali pa kufungia watu ikabaki.

Tukiirejelea tamthilia kwa nuru hii, udhaifu wake unajitokeza katika usawiri wa wahusika. Bokono ni mlafi wa madaraka. Gege, anayemuua nduguye kwa ahadi ya kumwoa Alida, ni mlafi wa makuu. Msuko mzima unaegemea tabia za watu. Ni kweli kwamba jukwaa hudai sura, kwa kuwa hadhira haiwezi kuichukia ibara ya sheria. Na ni kweli pia kwamba gereza na wapelelezi wa Butangi huonyesha kuwa Bokono hatawali peke yake. Lakini wote hao wamechorwa kama vyombo vyake tu. Kanuni ya kisima ilitungwa na nani? Mtawala ajaye atairithi? Tamthilia haiulizi.

Shaaban Robert alikwisha kuuliza. Katika Kusadikika (1951), Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, na kwa njia hiyo sheria yenyewe hufikishwa barazani. Suluhu yake ni pole mno, kwani wakubwa wanashawishika kwa maneno. Wa Mberia amemzidi kwa kuikabili damu; hajamfikia kwa kuikabili sheria.

Suala hili halijapitwa na wakati. Katiba ya 2010 ilileta ugatuzi, na tangu 2013 Turkana ina serikali yake ya kaunti mjini Lodwar, yenye jukumu la huduma za maji. Sambamba nayo yupo kamishna wa kaunti, pamoja na machifu, wanaowajibika kwa Nairobi. Mwanafunzi wa Kaikor anayefundishwa kwamba Bokono ni mtu mbaya atamsubiri mtu mwema. Anayefundishwa kuuliza juu ya kanuni ya kisima ataweza kumhoji hata huyo mtu mwema. Tunapendekeza kwamba Kifo Kisimani iendelee kufundishwa, lakini kwa swali hilo la pili.