Ng'ombe wa Maskini Hazai: Uhakiki wa Fikra kwamba Maradhi ya Mifugo ni Shauri la Mwenye Mifugo

Uko msemo katika lugha yetu unaosikika kila mahali: ng'ombe wa maskini hazai. Husemwa kwa huzuni, na mara nyingi kwa kukata tamaa. Lakini mtu akiuchunguza ataona kuwa ndani yake mmefichwa nadharia nzima ya uchumi. Unasema kuwa umaskini ni bahati mbaya ya mtu, na kwamba bahati hiyo humfuata mpaka zizini. Haumtaji kupe. Haulitaji josho lililokauka. Wala haumtaji mlanguzi anayemnunua ng'ombe mgonjwa kwa bei ya kutupa. Kazi ya uhakiki ni kuyataja yale ambayo msemo umeyaficha.

Tunaanza na msemo huu kwa sababu unaye ndugu yake katika lugha ya wataalamu. Ndugu huyo husema hivi: ng'ombe ni mali ya mtu binafsi, maziwa na nyama anafaidi yeye, basi na gharama ya kumkinga na kumtibu aibebe yeye. Fikra hii ina sura ya haki, na ndiyo maana imewavuta hata baadhi ya viongozi wanaojiita wajamaa. Wengine huivika neno zuri la kujitegemea. Hapana budi tuipime.

FIKRA HII ILITOKA WAPI

Katika miaka ya 1970 majosho yalijengwa katika vijiji vingi vya Tanzania, na sehemu kubwa ya gharama za dawa na za mabwana mifugo ilibebwa na Serikali. Kisha ukaja msukosuko wa uchumi. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula akiba, na fedha za kigeni za kununulia dawa zikawa adimu. Mwaka 1986 nchi iliingia katika Mpango wa Kufufua Uchumi, kwa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Moja ya mambo yaliyofuata ni kupunguza mkono wa Serikali katika huduma za mifugo.

Nadharia ya hatua hizo iliandikwa waziwazi. Mwaka 1992 Umali, Feder na de Haan, katika chapisho la Benki ya Dunia, walizigawa huduma za mifugo katika mafungu: zile ambazo manufaa yake humwangukia mwenye mfugo peke yake, na zile ambazo manufaa yake husambaa kwa wengine. Fungu la kwanza liachiwe soko. La pili Serikali iwe na mkono wake.

Tuwatendee haki waandishi hao. Hawakusema kuwa Serikali ijitoe kabisa. Walikiri kuwa soko peke yake halitoshi pale ambapo maradhi yanaambukiza. Kupambanua mambo si kosa. Kosa liko katika mambo mawili. Kwanza, mstari wa kugawa mafungu ulichorwa mezani, wakati maradhi yanaishi malishoni. Pili, katika utekelezaji serikali zilijiondoa haraka, wafanyabiashara wakaja polepole, na kule kwa wafugaji maskini walioko mbali na barabara hawakufika kabisa. Daktari wa mifugo aliyefungua duka alilifungua mjini, maana huko ndiko waliko wenye ng'ombe wa maziwa na fedha ya kulipa.

KUPE HANA MWENYEWE

Tuchukue ndigana kali, ugonjwa unaoua ndama wengi kuliko mengi mengine katika Afrika Mashariki. Huenezwa na kupe wa kahawia wa masikio. Kupe huyu katika maisha yake hunyonya damu ya wanyama watatu. Akiwa mchanga hupanda mnyama mmoja, hunyonya, huanguka. Akishajibadili nyasini hupanda wa pili. Akikomaa hupanda wa tatu. Kisha jike huanguka chini na kutaga mayai kwa maelfu. Kila mara anapoanguka, anaanguka katika malisho ambayo ni ya wote.

Basi swali ni hili: kupe huyo ni wa nani? Aliyenyonya ng'ombe wa jirani mwezi huu atamwambukiza ndama wangu mwezi ujao. Mfugaji anayeogesha ng'ombe wake peke yake, huku majirani hawaogeshi, analipa gharama ya kusafisha malisho ya kijiji kizima na bado anafiwa na ndama. Na yule asiyeogesha hana hatia ya uvivu. Huenda hana fedha. Kidole kimoja hakivunji chawa, na bomba moja la mkono halimalizi kupe.

Josho lenyewe lina uchumi wake. Ni shimo linalochukua maji lita zaidi ya elfu kumi, na lazima maji yote yatiwe dawa kwa kipimo, iwe watapita ng'ombe 50 au 500. Wakipita wengi, gharama kwa kila kichwa ni ndogo. Wakianza kujitoa wale wenye uwezo wa kununua mabomba yao, waliobaki hubeba mzigo mkubwa zaidi, nao hujitoa mmoja mmoja, mpaka josho linakauka. Ndipo kila mtu hubaki na bomba lake, akipunguza dawa ili idumu. Dawa pungufu haiui kupe wote, na wale wanaosalia huzaa kizazi sugu. Arseniki ilishindwa hivyo zamani, na toksafini nayo ikashindwa baada yake.

Hata chanjo ya ndigana kali, iliyotokana na utafiti wa Muguga nchini Kenya katika miaka ya 1970, inafundisha somo hilohilo. Chanjo hii ni ya vimelea hai. Hutunzwa katika naitrojeni ya kimiminika, na mrija mmoja mdogo ukishayeyushwa unatosha ndama makumi kadhaa, wala hauwezi kugandishwa tena. Mwenye ndama watatu hawezi kuununua peke yake. Anahitaji majirani. Kwa hiyo siyo siasa iliyoamua kuwa kinga ya mifugo ni kazi ya pamoja. Ni maumbile ya ugonjwa na ya dawa yake.

MIZANI MBILI

Wanaoiamini fikra tunayoihakiki hudai kuwa ni kanuni ya uchumi isiyo na upendeleo. Kama ni kanuni, na itumike kwa wote. Mwaka 2001 Uingereza ilipigwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Mashamba 2,026 yalithibitishwa kuwa na ugonjwa, na mifugo zaidi ya milioni 6 ilichinjwa. Je, mkulima wa Uingereza aliambiwa kuwa ng'ombe ni mali yake binafsi na hasara ni shauri lake? La. Serikali yake ililipa fidia ya mifugo iliyochinjwa, zaidi ya pauni bilioni 1 kutoka katika hazina.

Hatusemi kuwa Uingereza ilikosea, wala kuwa kila mkulima wake aliridhika, maana wako waliofungiwa mifugo isiyouzika na fidia hiyo haikuwagusa. Tunasema kuwa nchi hiyo, mwenye hisa mkubwa katika Benki ya Dunia, haikuiamini fikra hii ilipofika nyumbani kwake. Ilielewa kuwa mkulima asiyelipwa huficha ugonjwa, na ugonjwa uliofichwa huigharimu nchi nzima. Kanuni inayomfunga mfugaji wa Simanjiro bila kumgusa mfugaji wa Cumbria si kanuni ya uchumi. Ni uwiano wa nguvu uliovaa joho la elimu.

USHAHIDI WA HISTORIA

Sotoka iliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kufagia ng'ombe karibu wote wa wafugaji wengi, Wamaasai wakiwemo, ikaleta njaa kuu. Leo sotoka haipo tena duniani. Kutokomezwa kwake kulitangazwa mwaka 2011. Haikutokomezwa na soko. Chanjo ya Walter Plowright ilitengenezwa Muguga kwa fedha za umma, na nchi za Afrika zikachanja mifugo kwa mpango wa pamoja ulioanza mwaka 1962 na kumalizika mwaka 1976.

Lakini tusome historia hiyo yote, pamoja na ukurasa wake mchungu. Baada ya mwaka 1976 ilidhaniwa kuwa kazi imekwisha. Chanjo zililegea, ufuatiliaji ukakatika, na vijichaka vichache vya ugonjwa vilivyosalia vikawaka upya. Mwaka 1982 sotoka ilikuwa imeingia tena Tanzania. Ilibidi mpango mwingine wa Afrika nzima uanze mwaka 1986. Safari hii walitumiwa pia wachanjaji waliotoka miongoni mwa wafugaji wenyewe, na chanjo inayostahimili joto, ndipo ugonjwa ulipofikiwa hadi maficho yake ya mwisho.

Ushahidi wa pili unatoka Zimbabwe, ilipokuwa ikiitwa Rhodesia. Huko kuogesha kulikuwa kwa amri ya walowezi. Ada ilitozwa, na josho likaonekana kuwa mkono mwingine wa dola dhalimu. Wakati wa vita vya ukombozi katika miaka ya 1970 wananchi waliyagomea majosho na huduma ikavunjika. Ng'ombe walioogeshwa kwa vizazi vingi hawakuwa na kinga ya asili, nao walikufa kwa maradhi ya kupe kwa idadi inayokadiriwa kufikia milioni moja. Wapigania uhuru hawakukosea kuikataa dola ile. Funzo ni kwamba huduma isiyo mikononi mwa watu hufa siku amri inapokoma, na kwamba kinga ikishaanzwa haiachwi ghafla.

KOSA LA UPANDE WA PILI

Hapa ndipo uhakiki unapotugeukia sisi tunaotetea mkono wa Serikali. Kosa letu ni kuupima msaada kwa ukubwa wa siku ya uzinduzi.

Desemba 2018 kampeni ya kitaifa ya kuogesha mifugo ilizinduliwa Chato. Mfugaji alitakiwa kuchangia shilingi 50 kwa ng'ombe na shilingi 10 kwa mbuzi au kondoo. Juni 2025, Bariadi, ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo kwa miaka 5, Serikali ikibeba nusu ya bei ya chanjo ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kuku wakichanjwa bure. Hatua hizi ni ushindi wa hoja tuliyoieleza hapo juu. Zinakiri kwa vitendo kuwa maradhi ya mifugo si shauri la mtu mmoja.

Hata hivyo kupe hasubiri bajeti. Josho lililotiwa dawa mwezi huu na kukosa dawa baada ya msimu mmoja linaweza kudhuru kuliko kusaidia: ndama waliokingwa hawakupata nafasi ya kujenga kinga, kisha wanaachwa uwanjani bila ngao. Msaada unaokatika ni sawa na daraja lililojengwa nusu ya mto.

WAFUGAJI SI TABAKA MOJA

Kosa jingine ni kuzungumza juu ya "mfugaji" kana kwamba wote ni sawa. Mwenye ng'ombe 600 akifiwa na 20 amepata hasara. Mwenye wanne akifiwa na wawili amepoteza maziwa ya watoto, jembe la kukokotwa na karo ya shule kwa mpigo. Wa kwanza husubiri bei. Wa pili humkimbiza mnadani yule aliyebaki mzima ili apate fedha ya dawa, na mnunuzi anajua kuwa muuzaji ameshikwa pabaya. Mnada ukifungwa kwa karantini, mwenye akiba hukaa. Asiye nayo hukopa kwa kuahidi ndama ambaye hajazaliwa. Hivyo ugonjwa hausambazi umaskini tu. Huhamisha mali kutoka mikono mingi kwenda michache. Ruzuku inayotolewa kwa kila kichwa cha ng'ombe, bila mpango mwingine, humpa zaidi aliye na zaidi.

Kwa sababu hiyo haitoshi kudai ruzuku iongezwe. Josho liwe na mfuko wake, ambao Serikali na wafugaji huchangia kila msimu, mwenye kundi kubwa akichangia kwa kiwango cha juu zaidi kwa kila kichwa. Hesabu za mfuko zisomwe mkutanoni, maana mali bila daftari huisha bila habari. Anayetoa taarifa ya ugonjwa mapema alipwe fidia ya mnyama anayeuawa kwa amri, naye mwenye mifugo michache apate mkopo nafuu wakati mnada umefungwa. Vijana wa jamii za wafugaji wafundishwe kuchanja na kutambua dalili, chini ya usimamizi wa bwana mifugo.

Haya ndiyo maana halisi ya kujitegemea. Azimio la Arusha la 1967 halikumaanisha kila kaya ijifungie na matatizo yake. Lilimaanisha umma kutegemea nguvu zake wenyewe zikiwa zimeunganishwa. Kada anayelitumia neno hilo kumwambia mjane mwenye ng'ombe wawili ajinunulie dawa yake amelipindua.

Basi kada afikapo kijijini asiulize kwanza kampeni ilizinduliwa lini. Aulize josho lilitiwa dawa mara ya mwisho mwezi gani, nani ameacha kuleta ng'ombe wake na kwa nini, na daftari la mfuko lilisomwa lini mbele ya wenyewe. Majibu ya maswali hayo matatu yatamweleza kwa nini ng'ombe wa maskini hazai.